Mcheza Kwao Hutunzwa: Mwanakandanda wa Mara Kati ya Timu Iliyomlea na Maendeleo Yake

Wahenga wetu walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii ilizaliwa katika uwanja wa ngoma, kabla ya kandanda kufika nchini mwetu. Mtu aliyecheza vizuri mbele ya watu wake aliendewa na jamaa na marafiki pale pale uwanjani, kila mmoja akampa kitu kadiri ya uwezo wake, na tunzo hiyo ilikuwa ushahidi kwamba jamii imeiona kazi yake na imeikubali. Aliyecheza ugenini hakuwa na hakika ya tunzo, hata kama aliwapita wenyeji wote kwa ufundi.

Leo kijana hodari wa kandanda huishi katika hali iliyo kinyume cha methali hiyo. Akicheza kwao, katika timu ya kijiji au ya mtaa iliyomlea tangu utotoni, hupata makofi na sifa, na pengine chakula cha jioni baada ya mchezo. Akicheza ugenini hupata mshahara, nyumba na jina. Je, methali imekufa? Au ni sisi tulioacha kuitimiza? Katika insha hii tutajaribu kulitazama swali hilo kwa njia ya historia, tukiziangalia hasa wilaya za Tarime na Serengeti katika Mkoa wa Mara. Tumezichagua wilaya hizi kwa sababu mbili. Kwanza, ziko mbali na Dar es Salaam, makao ya timu kubwa za nchi, kwa zaidi ya kilomita 1,000. Hivyo kijana wa huko anayetaka kufika juu katika kandanda hana budi kuondoka. Pili, wenyeji wake wana mila madhubuti juu ya uaminifu wa mtu kwa rika lake, na wana mila nyingine, madhubuti vile vile, juu ya haki ya kijana kwenda mbali kutafuta mali. Mila hizo mbili, zikitazamwa pamoja, zaweza kutufundisha jambo.

Rika, mifugo na safari

Wilaya ya Tarime imo katika nyanda za juu kaskazini ya Mto Mara, na inapakana na Kenya, ambako njia kuu hupita Sirari. Wilaya ya Serengeti, yenye makao yake Mugumu, imo kusini ya mto huo, na upande wake mmoja unagusa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti iliyotangazwa mwaka 1951. Wenyeji wengi wa Tarime ni Wakurya, ambao koo zao zimeenea pande zote mbili za mpaka. Katika Serengeti wako Wakurya, na pamoja nao Wangoreme, Waikoma, Wanata, Waisenye na wengineo. Wote hawa wamekuwa wakulima na wafugaji, na baadhi yao, hasa Waikoma, walisifika pia kwa uwindaji.

Katika jamii ya Wakurya, vijana waliotahiriwa katika msimu mmoja huwa kundi moja liitwalo saro, na udugu wa kundi hilo hudumu hata uzeeni. Watu wa kundi moja husaidiana katika kazi, hukaribishana nyumbani, na huwa na haki ya kukaripiana bila kinyongo. Mtu anaweza kuhamia kijiji kingine au kupata cheo kikubwa serikalini, lakini hawezi kuhama kutoka saro yake. Hatusemi kwamba timu ya kandanda ya utotoni ni sawa na kundi la tohara, la hasha. Twasema tu kwamba mtoto aliyekulia katika jamii ya namna hiyo huingia uwanjani akiwa tayari amefunzwa kwamba wale anaoanza nao maisha wana haki juu yake. Kwa hiyo, anapoambiwa kwamba ameiacha timu yake, neno hilo humchoma zaidi kuliko linavyomchoma mtu aliyezaliwa mjini kati ya majirani wanaohamahama kila mwaka.

Lakini mila hiyo haikumfunga kijana nyumbani. Wakati wa utawala wa Kiingereza, vijana wengi wa Kikurya walijiunga na jeshi la KAR, na idadi yao ilikuwa kubwa katika Vita Kuu ya Pili ya mwaka 1939 hadi 1945. Wengine walikwenda kufanya kazi katika mashamba na miji ya Kenya. Baada ya Uhuru waliingia katika Jeshi la Wananchi, Polisi na Magereza. Walioondoka hivyo hawakuhesabiwa kuwa wasaliti, kwa maana ilieleweka kwamba kijana amekwenda kutafuta ng'ombe, yaani mahari yake, heshima yake na msaada kwa wazazi wake. Lililotazamiwa kwake ni kwamba atarudi, na kwamba arudipo asije mikono mitupu.

Iko desturi moja zaidi ambayo msomaji atakiwa kuikumbuka hadi mwisho wa insha hii. Katika jamii nyingi za wafugaji wa Mara na za Kanda ya Ziwa kwa jumla, mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi moja. Aliwagawa kwa rafiki zake wawatunze, ili maradhi au wevi wasimmalize kwa siku moja. Mtunzaji alikunywa maziwa na kutumia samadi, na ng'ombe walipozaa, kwa kawaida alipewa ndama kuwa jasho lake. Mwenye mali alipokuja kumchukua ng'ombe wake, mtunzaji hakulia wala hakugomba, kwa sababu haki yake ilikuwa imekwisha kutajwa tangu mwanzo. Ugomvi ulitokea pale tu mwenye mali alipomchukua ng'ombe na ndama wote.

Kandanda katika malisho

Kandanda ilienea katika sehemu nyingi za Tanganyika kwa njia tatu: shule, ofisi na kambi za jeshi. Katika eneo la Mara, shule za misheni zilikuwa na nafasi kubwa. Wamennonite walianza kazi Shirati mwaka 1934, na mapadre wa Maryknoll walifika Musoma mwaka 1946. Shule zilipoongezeka, mchezo ulitoka nje ya ua wa shule na kuingia vijijini. Huko haukuhitaji mengi. Malisho yalikuwa uwanja, mawe au fito mbili zilikuwa goli, na matambara yaliyofungwa kwa kamba yalikuwa mpira. Mchungaji aliyeacha ng'ombe wake wakaingia katika shamba la jirani kwa sababu ya mpira alichapwa, na siku ya pili alirudi kucheza.

Kutokana na michezo hiyo zilizaliwa timu za vijiji na mitaa, kama zilivyozaliwa kila mahali nchini. Timu ya namna hii haina ofisi wala hesabu katika benki. Mlezi wake mara nyingi ni mwalimu, fundi cherehani, mwenye duka, au askari aliyestaafu. Jezi hununuliwa kwa mchango, viatu huazimwa, na zawadi ya mashindano aghalabu ni mbuzi au fahali, ambaye huchinjwa na kuliwa na wachezaji pamoja na mashabiki. Ni vigumu kuonyesha kwa mfano ulio bora kuliko huo jinsi timu ya kijiji ilivyo mali ya wote: ushindi wake huliwa na wote.

Baada ya Uhuru, Serikali iliuhesabu mchezo kuwa sehemu ya utamaduni. Mwaka 1962 Mwalimu Julius Nyerere, ambaye mwenyewe ni mwana wa Mara kutoka Butiama, aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Mwaka 1967 Bunge lilitunga sheria iliyoanzisha Baraza la Michezo la Taifa. Mashindano ya shule, yale ya msingi yajulikanayo siku hizi kwa jina la UMITASHUMTA na yale ya sekondari yaitwayo UMISSETA, yalijenga ngazi ya kumpandisha mtoto kutoka shule yake hadi wilaya, mkoa na taifa. Kwa mtoto wa Nyamongo au wa Mugumu ngazi hiyo ilikuwa karibu njia pekee ya kuonekana na watu wa mbali. Hapo ndipo safari ya kuondoka ilipoanzia, na mara nyingi aliyemshika mkono na kumvusha alikuwa mwalimu wake.

Kuondoka si jambo jipya

Wako wanaodhani kwamba wachezaji wa zamani walikuwa waaminifu kwa timu zao, na kwamba tamaa imeletwa na fedha za siku hizi. Historia haikubaliani nao. Timu ya Young Africans iliundwa Dar es Salaam mwaka 1935. Mwaka uliofuata baadhi ya wanachama walitoka, wakaunda timu yao, na timu hiyo, baada ya kupita katika majina ya Queens, Eagles na Sunderland, ndiyo iliyoitwa Simba mwaka 1971. Maana yake ni kwamba ushindani mkubwa kuliko wote katika kandanda ya nchi yetu ulizaliwa kwa watu kuiacha timu yao. Mwaka 1976 Yanga iligawanyika tena, na wachezaji wengi hodari wakatoka na kuiunda Pan African, ambayo ilikuwa bingwa wa taifa mwaka 1982.

Tofauti ni kwamba siku hizo mchezo ulikuwa wa ridhaa, na mchezaji hakuwa na mshahara wa kukimbilia. Watu waliondoka kwa sababu ya ugomvi wa uongozi au heshima iliyovunjwa. Hata hivyo hamu ya kupima ufundi wao mahali pakubwa ilikuwako. Sunday Manara, aliyekuwa miongoni mwa nyota wa Yanga na kisha Pan African, alikwenda Uholanzi mwaka 1977 kuichezea Heracles, na anakumbukwa kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza kandanda ya kulipwa katika Ulaya. Baadaye alicheza Marekani na katika nchi za Ghuba. Wakati huo taifa lilikuwa likifuata Azimio la Arusha, na kumwona kijana akiuza ufundi wake ugenini lilikuwa jambo geni. Leo jina lake hutajwa kwa fahari na mashabiki wa timu zote.

Kwa kijana wa Mara wa miaka hiyo, mlango wa kuondokea ulikuwa mwingine. Timu nyingi zenye nguvu nje ya Dar es Salaam zilikuwa za mashirika na za majeshi: Pamba ya Mwanza, Reli ya Morogoro, Bandari ya Mtwara, na timu za Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa katika mikoa mbalimbali. Mchezaji aliyechukuliwa na timu hizo hakununuliwa, aliajiriwa. Alipewa kazi, sare, chumba na matumaini ya pensheni. Kwa jamii iliyozoea kuwatoa vijana wake kwenda katika sare, mpango huu haukuwa mgeni. Kijana aliyeondoka na mpira alihesabika pamoja na wale walioondoka na bunduki: amekwenda kazini, na kazini mtu hurudi kwa likizo.

Mpango huo ulidhoofika mashirika ya umma yalipoanza kuyumba katika miaka ya 1980 na kubinafsishwa katika miaka ya 1990. Timu kadhaa za mashirika zilififia, na pamoja nazo ule uhusiano wa mchezo na ajira ya kudumu. Kilichobaki ni mkataba. Mkataba humlipa mchezaji zaidi kuliko ajira ya zamani, lakini una tarehe ya mwisho, na mguu uliovunjika hauna pensheni. Kwa sababu hiyo, tunapomhukumu kijana wa leo kwa haraka yake ya kuondoka, yatupasa kukumbuka kwamba muda wake ni mfupi. Mwalimu aweza kufundisha hadi miaka 60. Mwanakandanda aliyefika miaka 35 tayari huitwa mzee.

Funzo la timu za mikoani

Zipo nyakati ambapo timu ya mbali imepanda hadi kileleni. Mseto ya Morogoro ilichukua ubingwa wa taifa mwaka 1975, Tukuyu Stars kutoka Rungwe mwaka 1986, na Coastal Union ya Tanga mwaka 1988. Kisa cha Tukuyu Stars husimuliwa mpaka leo, kwa kuwa mji mdogo wa milimani uliwashinda wakubwa wote. Lakini ubingwa ule ulikuwa pia tangazo la biashara. Wachezaji kadhaa waliovuma walichukuliwa na timu za Dar es Salaam, na Tukuyu haikuurudia tena ubingwa. Timu ya mikoani hukamatwa na mtego huu: ikishindwa, haina fedha kwa kuwa imeshindwa, ikishinda, haina wachezaji kwa kuwa imeshinda.

Mara nayo imeujua mtego huo. Katika msimu wa 2018/19 Biashara United ya Musoma iliingia Ligi Kuu, na watu wa Tarime na Serengeti walipata timu ya mkoa wao ya kuiita yetu katika ligi hiyo. Katika msimu wa 2020/21 ilimaliza nafasi ya nne na kupata nafasi ya kuliwakilisha taifa katika Kombe la Shirikisho la Afrika. Oktoba 2021 iliifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2 kwa 0 katika mchezo wa kwanza. Mchezo wa marudiano haukuchezwa, kwa kuwa timu ilishindwa kusafiri kwenda Libya, na ikaondolewa katika mashindano. Baadaye katika msimu huo huo mshambuliaji wake kijana, Denis Nkane, alijiunga na Yanga, na mwisho wa msimu huo Biashara ikashuka daraja.

Je, mchezaji anayeondoka katika timu iliyo katika hali kama hiyo ni msaliti? Mtu anayependa timu ya mkoa wake aweza kusema ndiyo, nasi twauelewa uchungu wake. Lakini timu iliyoweza kushinda uwanjani na ikashindwa kufika uwanja wa pili haikuangushwa na miguu ya wachezaji wake. Uaminifu ni mzigo wa pande mbili. Hatuwezi kumdai kijana abaki mahali ambapo ufundi wake hauna njia ya kusafiri.

Moyo ukibaki nyuma

Wako pia wale ambao miguu yao ilihama na mioyo yao ikakataa. Kisa kinachokumbukwa sana katika Kanda ya Ziwa ni cha Mrisho Ngassa, mwana wa Mwanza, mmoja wa washambuliaji hodari waliopata kuivaa jezi ya Taifa Stars. Kutoka Kagera Sugar alikwenda Yanga, timu aliyoipenda waziwazi, na mwaka 2010 akahamia Azam kwa malipo yaliyozungumzwa sana wakati huo. Mwaka 2012, katika mashindano ya Kombe la Kagame, akiwa bado mchezaji wa Azam, alionekana akishangilia na kuibusu jezi ya Yanga. Muda mfupi baadaye Azam ilimtoa kwa mkopo, tena kwa Simba, mtani mkubwa wa Yanga. Mwaka 2013 alirudi Yanga, na mwaka 2015 akaenda Afrika Kusini kuichezea Free State Stars.

Tusikitazame kisa hiki kwa kicheko tu. Ndani yake mna haki mbili zinazogongana. Azam ilikuwa na haki ya kutazamia kwamba mtu anayelipwa nayo ataiheshimu jezi yake. Mchezaji naye hakuwa ameuza moyo wake aliposaini karatasi. Alikuwa ameuza kazi yake. Tofauti kati ya kazi na moyo ndiyo kiini cha suala letu, na kijana anayetarajia kucheza kwa malipo hana budi kuifahamu mapema. Anayelipwa anadaiwa bidii yote na adabu yote kwa muda wote wa mkataba. Mapenzi ya utotoni anaweza kuyahifadhi, lakini ayahifadhi nyumbani.

Mfano wa namna nyingine ni wa Mbwana Samatta. Kutoka African Lyon alikwenda Simba, na mwaka 2011 akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi, ambayo aliisaidia kuutwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2015. Mwaka 2016 alijiunga na Genk ya Ubelgiji, na Januari 2020 na Aston Villa ya Uingereza. Katika kila hatua aliiacha timu. Lakini taifa liliporudi katika Fainali za Mataifa ya Afrika mwaka 2019 huko Misri, baada ya miaka 39 tangu zile za Lagos za mwaka 1980, yeye ndiye aliyekuwa nahodha. Kuondoka kwake kulikuwa ni njia ya kurudi na ng'ombe. Hivi ndivyo hasa wazee wa Tarime walivyolielewa jambo la safari tangu zamani: hawakuuliza kwa nini umekwenda, waliuliza umerudi na nini.

Ndama wa mtunzaji

Sasa turudi kwa yule mtunzaji wa ng'ombe. Tukisikiliza vizuri malalamiko ya timu za utotoni, tutaona kwamba mara nyingi hazilalamiki kwa kuwa kijana ameondoka. Zinalalamika kwa kuwa ng'ombe na ndama wote wamechukuliwa. Mwalimu aliyemnunulia kijana viatu, mama lishe aliyemlisha kwa mkopo, wenzake waliotembea naye kwa miguu hadi uwanja wa jirani, wote hao humwona katika runinga na hawapati hata jozi ya jezi.

Yafaa walimu na wanafunzi wafahamu kwamba hata dunia ya kandanda imeitambua haki ya mtunzaji. Tangu mwaka 2001 kanuni za shirikisho la dunia, FIFA, zimeweka utaratibu wa fidia ya malezi na wa mchango wa mshikamano. Kwa utaratibu wa pili, mchezaji wa kulipwa anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujamalizika, asilimia 5 ya malipo hugawanywa kwa timu zilizomlea tangu msimu wa mwaka wake wa 12 hadi wa 23. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 huhesabiwa robo ya asilimia moja, na kila msimu wa miaka 16 hadi 23 nusu ya asilimia moja.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mchezaji akiuzwa nje kwa shilingi milioni 400, sehemu ya walezi ni shilingi milioni 20. Timu iliyomlea tangu miaka 12 hadi 17 ina misimu minne ya shilingi milioni 1 na misimu miwili ya shilingi milioni 2, yaani jumla ya shilingi milioni 8. Kwa timu kubwa hizo ni fedha za safari moja. Kwa timu ya kijiji cha Tarime au Serengeti ni mipira, jezi, viatu na nauli za miaka kadhaa.

Kwa nini basi timu hizo hazifaidiki? Sababu iko wazi. Kanuni humtambua mtunzaji aliyeandikwa. Timu lazima iwe imesajiliwa katika chama cha kandanda, na mchezaji awe ameandikishwa kwake kwa jina lake la kweli na umri wake wa kweli. Tangu mwaka 2022 FIFA imeanzisha chombo maalumu cha kukusanya na kugawa malipo hayo kwa kufuata kumbukumbu za usajili wa mchezaji. Timu isiyo na kumbukumbu huwa kama mtunzaji aliyepewa ng'ombe usiku bila shahidi. Aidha, kijana anayepunguza miaka yake ili acheze mashindano ya watoto anaichafua kumbukumbu ile ile ambayo ingewalipa walezi wake. Udanganyifu wa umri si kosa la kimichezo tu. Ni wizi wa ndama wa watu wengine.

Yapo pia yasiyoandikika katika kanuni. Mkataba kati ya timu mbili za ndani ya nchi waweza kuwa na sharti dogo kwa faida ya timu ya kijiji. Mchezaji mwenyewe, arudipo likizo, aweza kucheza mchezo mmoja katika malisho yale yale, na kuwafundisha wadogo zake kile alichojifunza. Timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17 inaitwa Serengeti Boys. Ingefaa siku moja mtoto wa Mugumu aone kwamba jina hilo halikuazimwa kutoka kwao bure.

Hitimisho

Tumeona kwamba mgongano kati ya timu ya utotoni na maendeleo ya mchezaji haukuanza jana, na kwamba hauwezi kumalizwa kwa kumwita kijana msaliti wala kwa kuwaita wazee wa kijiji wajinga. Jamii za Mara zilikwisha kuujua mgongano kama huo katika mambo ya jeshi, ya kazi na ya mifugo, na zikaupatia utaratibu: kijana aende, na mlezi apate haki yake, rika lisimfunge mtu, na mtu asilisahau rika lake. Kilichopungua katika kandanda yetu ni utaratibu huo, hasa katika ngazi ya chini ambako hakuna anayeandika.

Hapa ndipo kazi ya mwalimu ilipo. Daftari moja la shule, lenye majina ya wachezaji, tarehe zao za kuzaliwa na miaka waliyocheza, ni silaha kubwa kwa timu maskini kuliko kelele za mashabiki elfu. Nawe mwanafunzi unayeota kuvaa jezi ya timu kubwa, nenda ukipata nafasi, wala usione haya. Lakini kabla ya kuondoka hakikisha kwamba jina lako limeandikwa mahali ulipoanzia, ili siku ya malipo ijulikane ni nani aliyekulea.

Methali yetu, basi, haijafa. Ilikuwa na sehemu mbili tangu mwanzo: yuko anayecheza, na wako wanaotunza. Siku timu ya kijiji itakapoweza kumtunza mchezaji wake kwa kuandika jina lake na kumfungulia njia, naye mchezaji akaweza kuitunza timu yake kwa kurudisha alichopata, kucheza kwao na kucheza ugenini hakutakuwa tena mambo mawili yanayopigana.